Mkurugenzi Aliyemfungia Mama Yake Garini

Baada ya miaka thelathini na mmoja kazini, mkurugenzi wetu wa magari mapya anastaafu Ijumaa hii. Sisi wa idara ya majaribio tumeombwa tumwandikie mawili matatu. Tumekubali haraka, maana siku yenyewe tumeingoja kwa hamu.

Wengine tulidhani gari jipya huanza kwa kumuuliza mnunuzi anataka nini. Yeye alianza na rangi, kisha jina, kisha tarehe ya uzinduzi. Injini ilifuata ikipata nafasi. Tukimwomba muda wa majaribio, alijibu kwamba gari huuzwa kwa macho. Kweli, macho yalitutoka.

Mtalikumbuka lile dogo la familia, la kijani. Fundi wa milango alimweleza kwa upole, halafu kwa ukali, kwamba plastiki ya kitasa huvimba kwenye joto na mlango haufunguki kwa ndani wala nje. Mkurugenzi akamwambia aache uchuro, wageni wameshaalikwa.

Siku ya uzinduzi jua liliwaka kwelikweli. Mbele ya waandishi wa habari, akamketisha mama yake mzazi kiti cha nyuma, akafunga mlango kwa madaha, akaanza hotuba. Alipofika kwenye raha ya familia, mama alikuwa akigonga kioo kwa pete. Watu wakapiga makofi wakidhani ni sehemu ya shughuli. Fundi wa milango ndiye aliyekimbia na nyundo, akavunja kioo cha upande wa pili, akamtoa mama wa watu akiwa ameloa jasho chapachapa. Mama akakinyakua kipaza sauti.

"Mwanangu, hili umeitengenezea familia ya nani?"

Mwanawe hakutahayari. Akawaambia waandishi kuwa wameona wenyewe, wezi hawaliwezi. Wiki iliyofuata fundi alihamishiwa stoo kwa kosa la kuharibu gari la maonyesho. Vitasa vikabadilishwa kwa mchoro wa fundi huyohuyo, na tuzo ya ubunifu akapewa mkurugenzi. Aliipokea kwa mikono miwili. Fundi yuko stoo hadi leo.

Kwa kumuaga, kampuni ilimruhusu achague zawadi ya gari lolote tulilowahi kuunda. Alizunguka yadi asubuhi nzima, akinusa injini, akilala chini kutazama uvunguni. Mwishowe akachagua kuukuu moja lenye umbo la boksi, lililoundwa kabla hajaajiriwa.

Hayo ndiyo majaribio pekee tuliyowahi kumwona akiyafanya, na majibu yake tunayaafiki. Tunamshukuru kwa hilo, na tunamtakia mapumziko marefu.