Hezekiah Makokha na Kazi Zilizokuwa na Wenyewe

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamlilia Hezekiah Makokha. Makokha, kiongozi wa wafanyakazi wa kiwanda cha unga hapa Nakuru. Alifariki Jumapili nyumbani kwake Rongai.

Mwaka wa hamsini alirudi kutoka Denmark, alikokwenda kusomea uongozi. Kule aliona chama cha wafanyakazi, Social Democrats, kimeshika serikali. Akawaambia wenzake, "Kule mfagiaji anaweza kuwa waziri." Akataka chama kama hicho hapa, chama kisichouliza kabila. Naibu wake alikuwa Wangare, mama aliyeshona magunia ya unga.

Kisha serikali ya mkoloni ikatangaza hali ya hatari, ikawashuku Wakikuyu wote kuwa waasi. Mwaka wa hamsini na tatu, malori ya askari yaliingia kiwandani watu wakila chakula cha mchana. Wakikuyu wote wakatolewa kupelekwa kambini. Wangare naye alipandishwa lori, unga ukiwa bado kwenye nywele zake. Makokha aling'ang'ania mlango wa lori, akapigwa kitako cha bunduki.

"Achilia, Makokha," Wangare akamwambia. "Watakuua bure."

Kesho yake meneja alimwita. Nafasi zipo, alete watu wa kabila lake. Makokha akakataa. "Hizo kazi zina wenyewe," akasema.

Lakini nyumbani kulikuwa na Wamalwa, shemeji yake, asiye na kazi. Mama Truphosa, mkewe Makokha, anakumbuka: "Ndugu yangu alimuuliza, 'Shemeji, watoto wangu watakula hiyo Denmark yako?' Ugali ulipoa mbele ya Mzee."

Mkutano wa wafanyakazi ukaitwa. Wamalwa alizunguka nyumba kwa nyumba akiwachochea watu dhidi ya Makokha. Mikono ikainuliwa, Makokha akang'olewa uongozini. Juma lile lile Wamalwa aliketi pale alipokuwa akiketi Wangare, akashona magunia.

Makokha alifukuzwa kazi, akatolewa pia katika nyumba ya kampuni. Akawa kibarua wa kupalilia mahindi ya mzungu huko Rongai. Jukwaani hakupanda tena.

Mwaka wa hamsini na saba watu walianza kurudi kutoka kambini. Makokha alikuwa akienda stesheni ya Nakuru kumngoja Wangare. Siku moja mama mmoja aliyeshuka akamwambia, "Mzee, usimngoje. Tulimzika huko."

"Alirudi kwa miguu," asema Mama Truphosa. "Akaketi mlangoni, akalia hata majirani wakaja."

Pole, Mama Truphosa. Pole, Mzee Wamalwa, uliyekuja matangani jana. Pole kwa watoto wa Wangare, popote walipo. Nasi wengine, wasikilizaji wapendwa, tukikaribishwa mahali palipoachwa wazi, tuulize kwanza: aliyekuwa hapa amepelekwa wapi?