Milioni na Moja ya Mwalimu Datius

Mheshimiwa Padre, wazee wetu, waombolezaji wote, Tumsifu Yesu Kristo. Nasimama kwa niaba ya familia, mimi Projestus, mdogo wake.

Marehemu Mwalimu Datius Kamugisha alizaliwa Ijumbi tarehe 12 Machi 1931, akasoma shule ya misheni hadi darasa la nane, akapata ualimu mwaka 1950, akafundisha Ijuganyondo, na Uhuru ulimkuta huko huko ubaoni. Mwaka 1954 alifunga ndoa na Klaudia, wakajaliwa watoto watano, wanne wapo hai, wa kwanza akiwa Adventina.

Mwaka 1967 alirudi kufundisha hapa Ijumbi, na mwaka 1973 akapewa pia darasa la watu wazima. Wengi mliomo humu mnalikumbuka, jinsi zile kahawa za kutafuna tunazokaribishia wageni alivyozipanga mkekani kwa mistari iliyo sawa, akasema namba isiyokubali kupangika hivyo, ila kukaa mstari mmoja tu, ndiyo namba tasa. Mwishoni mwa Januari mwaka huu, 1975, alipolirudia somo hilo, Mzee Aroni aliuliza, "Waitu Mwalimu, na milioni na moja, inapangika, au hukaa peke yake kama mchawi?" Watu wakacheka, na kaka akajibu upesi kwamba haipangiki.

Alipofika nyumbani hakula, maana hakuwa ameipima. Alikwenda kuungama, Padre akamwambia hiyo si dhambi ya kumzuia kukomunika, akakomunika, akarudi kuigawanya, akijua lazima azipitie namba tasa zote hadi karibu na elfu, maana elfu mara elfu ni milioni, ndipo awe na hakika, na huku Mzee Aroni ameshalipeleka jibu lile hadi kisiwani Bumbire.

Februari hiyo hiyo aliugua ini, akalazwa Bukoba, akarudishwa nyumbani. Mkono ulipokataa kalamu, Adventina alimwandikia. Walifika tisini na saba, ikabaki baki, naye akatuomba tusimfukie kabla uongo wake haujasahihishwa, ikiwa ni uongo. Aliaga dunia Jumamosi, tarehe 9 Agosti, alfajiri.

Ndugu zangu, tuliogopa sana, kaburi limeshachimbwa na sisi hatujui. Leo asubuhi, akina mama wakimenya ndizi, Adventina alijaribu namba tasa inayofuata, mia moja na moja, ikaingia mara elfu tisa mia tisa na moja, bila baki. Tukarudia kwa kuzidisha, ikawa vile vile. Basi kwa niaba ya Mwalimu nasahihisha: milioni na moja inapangika. Mzee Aroni, nilipomwambia pale kibanjani, kwenye migomba, alilia, akasema, "Kumbe si mchawi, ina ndugu zake."

Tunawashukuru waganga na wauguzi, majirani mliombeba kwa machela, walimu wenzake, na Padre.

Kaka, darasa limesikia. Sasa pumzika kwa amani.