Madamu Jovitha na Chaza Asiyewahi Kumwona

Kwa miaka thelathini na minne Madamu Jovitha Rwegoshora amefundisha Baiolojia katika shule yetu hapa Nkwenda, na tarehe 30 Juni anastaafu. Mimi, Telesfori wa Jiografia, nimepewa kazi ya kuandika haya kwa sababu meza yangu iko jirani na yake. Nimesikia kila kitu.

Alifika mwaka 1991 kutoka Chonyonyo na gamba moja la chaza alilopewa chuoni. Kwa gamba hilo amewafundisha urithi watoto ambao, kama yeye, bahari hawajaiona. Chaza hukaa pale mto unapoingia baharini. Mvua kubwa zikinyesha chumvi hupungua ghafla, wengi hufa, na waliozaliwa na jeni za kuhimili hubaki, wakawarithisha wana wao.

Mwaka 2009 alipanga ndoo tano nje ya maabara, kuonyesha chumvi inavyozidi kutoka mtoni hadi baharini. Ya kwanza maji matupu, ya tano chumvi kama ya bahari. Siku hiyo bomba lilikatika, na mpishi wetu Placidius akaona Mungu amemjibu. Akapika ndizi na maharage kwa maji ya ndoo ya tano, kisha akaongeza chumvi yake ya kila siku! Baada ya kuonja, shule nzima ilitimua mbio hadi kijitoni kunywa maji, mkuu wa shule akiongoza.

Madamu alicheka hadi akakaa chini. Lakini wanafunzi watatu wa kijiji cha Kibingo waliomaliza sahani zao walipojitangaza kuwa chaza, alishika chaki: kuzoea si kurithi, na mazoea ya baba hayaingii kwenye jeni za mtoto. Mwaka ule kidato cha nne hakuna aliyekosa swali la urithi.

Kila mwaka mwanafunzi humuuliza kama amewahi kumwona chaza hai. Hujibu hapana, bila kuficha, halafu hulipangusa gamba lile kwa muda mrefu. Huwa naumia kumtazama. Likizo ya Juni, ambayo angeweza kwenda baharini, ni msimu wa kuvuna kahawa, naye hajawahi kuiacha kahawa yake.

Sasa Hagenimana, mwanafunzi wake wa zamani anayechunguza chaza huko Tanga, amemwalika. Madamu akaanza tena habari za kahawa. Basi walimu tumeshagawana mibuni yake, tutavuna sisi. Placidius ataanika, ila chumvi hagusi.

Asante sana, Madamu, kwa yote. Funga begi, basi linaondoka tarehe mbili Julai. Tunakuombea siku nyingi za furaha, na ukimshika huyo chaza, mwambie Nkwenda tunamfahamu vizuri sana.