Shangazi na Jozi ya Mwisho ya Saba

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, saa kumi kamili jioni, Shangazi atatundika aproni yake kwenye msumari ulio kando ya dirisha la chumba cha koni, na Jumatatu hatakuja kuichukua. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na sita na miezi minne katika kiwanda chetu cha spika. Kwa muda wote huo alichelewa kazini mara moja tu, na hata siku hiyo tuligundua baadaye kwamba saa ya ukutani ndiyo iliyokuwa imekimbia.

Mhariri wa jarida hili aliniomba mimi, mtunza stoo, niandike wasifu wake kwa kuwa kati ya waliobaki mimi ndiye niliyefanya naye kazi muda mrefu zaidi. Alinipa masharti mawili: nisizidishe kurasa mbili, na nisijiandike mimi mwenyewe. Sharti la pili nitalivunja, na msomaji akivumilia ataona kwa nini.

Shangazi alianza na ufagio. Aliajiriwa akiwa na miaka ishirini na tatu kufagia vumbi la mbao katika chumba cha maseremala. Mwezi wa nne, akipita na taka zake mbele ya chumba cha majaribio, alisimama akamwambia fundi mkuu wa enzi hizo kwamba spika ya kushoto inaongea kwa pua. Fundi mkuu alicheka. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu mwadilifu, aliifungua, akakuta uzi mwembamba wa gundi umegusa mahali usipotakiwa. Wiki iliyofuata ufagio alipewa mtu mwingine, naye akaketishwa penye benchi la koni. Hajaliacha mpaka leo.

Jina la Shangazi alibandikwa na seremala mmoja wa makasha ya spika. Shangazi alimrudishia makasha manne yenye nyufa. Aliyatazama tu, kisha akamtazama yeye. Seremala akasema hajapata kutazamwa hivyo tangu shangazi yake alipomkuta na mkono ndani ya kopo la sukari. Jina likashika. Siku hizi hata wateja humwandikia wakianza na "Mpendwa Shangazi", wala hatujui nani aliwapelekea habari.

Kwa wageni watakaosoma jarida hili, nieleze kidogo kazi yenyewe. Ukiondoa kitambaa cha mbele cha spika utaona koni, ile karatasi ngumu iliyopindwa mfano wa faneli. Hiyo ndiyo inayotikisika na kutoa sauti. Koni za Saba, yaani spika yetu ya toleo la saba, hufinyangwa kwa karatasi nzito na kupakwa vanishi kwa brashi, tabaka tatu nyembamba. Kila tabaka likikauka, Shangazi huinua koni karibu na sikio, hufumba macho na kuigonga kwa ukucha wa kidole cha mwisho. Akishapata mbili zenye sauti moja, huziweka pamoja. Kazi hiyo sisi tunaiita kuozesha. Koni ambayo haijapata mwenzake hukaa kwenye rafu ya wachumba, nyingine wiki nzima, nyingine miezi, na Shangazi hakuwahi kumlazimisha mchumba yeyote.

Sheria yake ilikuwa moja. Saba yenye kasoro haitoki. Jozi ikishaingizwa kwenye makasha, ambayo hukatwa kutoka ubao mmoja na hayatenganishwi, husikilizwa mara ya mwisho. Ikionekana spika mbili hazipatani, koni zote mbili huchanwa, asije mtu akashawishika kuzipeleka popote. Wafanyakazi wa viwanda vingine hupata bidhaa zenye hitilafu ndogo wakaenda nazo nyumbani. Sisi tulienda nyumbani na mikono mitupu. Shangazi mwenyewe, ambaye amepaka vanishi koni zaidi ya elfu ishirini, hana Saba nyumbani kwake. Zile nzuri zilikuwa na wateja wanaosubiri, na zile mbaya alizichana. Anaishi na dada yake na redio moja ndogo yenye mpini uliofungwa kwa kamba.

Tangu tulipotangaza kwamba Saba itaacha kutengenezwa mwaka huu, barua hazijakoma. Wote wanauliza swali moja: kitu kinachopendwa namna hii, mnakiachaje? Shangazi amejibu nyingi kwa mkono wake, na majibu yake nimeyasoma kwa kuwa stempu zinatoka stoo. Anaeleza kwamba spika haifi kwa kukosa kupendwa. Hufa kwa kukosa kitu kimoja kidogo, halafu kingine. Kwanza kilifungwa kiwanda kilichotutengenezea karatasi, kwa sababu sisi peke yetu ndio tuliobaki tukiinunua. Kisha gundi ya zamani ikapigwa marufuku, na kwa haki, maana harufu yake ilikuwa ikiwaumiza vichwa walioitumia, yeye akiwa wa kwanza. Alihangaika miezi kumi na minne kutafuta mchanganyiko mwingine wa kufaa. Mwishowe kalibu ya kukandamizia fremu za koni ikalika, na aliyejua kuichonga alikwisha kufariki. Kila mara Shangazi alipata njia ya kuzunguka. Lakini karatasi haina njia ya kuzunguka. Ikiisha imeisha.

Kuna sababu nyingine ambayo huiandika mwishoni, nafikiri kwa kujivunia kidogo. Saba haiharibiki. Mteja wetu mwaminifu kabisa ni yule aliyenunua mara moja, miaka thelathini iliyopita, na hajaonekana tena isipokuwa kutuletea salamu. Kwa upendo wa namna hiyo kiwanda hakiwezi kuishi.

Mwaka jana uongozi ulitaka kutengeneza spika mpya yenye koni ya plastiki na kuiuza kwa jina lilelile la Saba. Shangazi aliombwa aidhinishe, naye akaahidiwa mkataba wa miaka miwili zaidi, jambo ambalo najua alilitamani, kwa sababu kazi hii anaipenda kuliko anavyokubali. Aliisikiliza siku tatu. Akasema ni mtoto mzuri, mwenye afya, apewe jina lake mwenyewe asiishi kwa kuazima la marehemu. Ndiyo maana spika mpya inaitwa Nane, na ndiyo maana injinia aliyeibuni, ambaye siku ile alikasirika, sasa hupeleka kila sampuli kwa Shangazi kabla ya kuipeleka kwa meneja.

Sasa nifike pale nilipokatazwa kufika.

Machi mwaka huu tulikata bunda la mwisho la karatasi. Kwenye orodha walibaki wateja kumi na mmoja, na Shangazi alikuwa amewaahidi wote kwa barua. Wa kumi na mmoja ni mwalimu mstaafu wa muziki aliyesubiri miaka minne bila kulalamika, jambo lililomfanya Shangazi amhurumie zaidi. Karatasi ile ilitoa koni ishirini na moja nzuri. Jozi kumi zikaozeshwa, na moja ikabaki kwenye rafu ya wachumba bila mwenzake.

Alikaa mbele ya koni ile siku mbili. Meneja, kwa nia njema kabisa, alishauri ya pili iwe ya plastiki, maana nyuma ya kitambaa haitaonekana. Injinia alipima akasema tofauti yake ni ndogo mno. Shangazi akawajibu kwamba mwalimu hatazami kitambaa. Siku ya tatu alikuja stoo kuniomba bahasha na stempu, na macho yake yalikuwa mekundu. Alikuwa anaenda kumwandikia mwalimu kwamba ahadi imevunjika. Katika miaka yote ya kufahamiana kwetu sikuwahi kumwona ameshindwa, na nakiri moyo uliniuma.

Uliniuma pia kwa sababu nyingine. Miaka ishirini na miwili iliyopita Shangazi aliniletea jozi moja stoo, akaniagiza nichane koni na kupeleka makasha jikoni yakawe kuni. Enzi hizo karatasi ilikuwa tele na hakuna aliyehesabu. Nilizisikiliza spika zile peke yangu nikatafuta kasoro, sikuiona. Nikazitoa kiwandani moja moja, ndani ya katoni za sabuni. Watoto wetu wamekulia mbele ya spika zile. Mke wangu amefulia nguo kwa muziki wake, nami nimesinzia nazo kila Jumapili. Kila mara Shangazi aliponisifu mbele ya watu kuwa mtunza stoo asiyepoteza hata skrubu, nilikohoa.

Jioni ile nilimsimulia mke wangu habari za koni moja isiyo na mwenzake. Alizima jiko, akaifuta spika ya kulia vumbi kwa khanga yake, akasema, "Mrudishie mwenyewe mali yake, baba watoto. Tumeshafaidi." Asubuhi nikaipakata mpaka kiwandani. Mlinzi wetu, ambaye hupekua kila anayetoka, alinitazama akaduwaa; kitabu chake hakina safu ya mtu anayeingia na mali ya kiwanda.

Niliiweka kwenye benchi la Shangazi nikaanza maelezo niliyoyapanga njia nzima. Hakunisubiri nimalize.

"Ya kushoto umeiacha nyumbani," alisema. "Vizuri. Hiyo ndiyo yenye kosa."

Ndipo nilipokumbuka. Miaka kumi na tisa iliyopita mke wangu alivunjika mguu, na Shangazi akaja kumjulia hali. Mimi nilikuwa nimekwenda kumnunulia dawa. Redio ilikuwa inaimba kupitia Saba zangu za wizi. Mke wangu alinieleza jioni kwamba mgeni alisikiliza, kisha akainuka, akaisukuma spika ya kushoto nyuma kwa shubiri mbili, akasema ni ili ufagio upite vizuri. Tangu hapo mke wangu amefagia pale kwa bidii sana, na hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuisogeza spika ile. Nami nilifurahi tu kwamba Shangazi hakuzitambua.

Alizitambua kabla hajavuka kizingiti. Spika ya kushoto ilikuwa inamzidi mwenzake sauti kidogo, kidogo sana, na yeye aliirudisha nyuma mpaka zikapatana. Mwanamke ambaye hakuwahi kusamehe kasoro hata moja benchini alinisamehe mimi sebuleni kwangu, akaiweka siri ile miaka kumi na tisa, na akaendelea kunisifu kwa skrubu. Nilimwuliza kwa nini hakusema. Alijibu kwamba mgonjwa alikuwa anatabasamu.

Ile ya kulia aliifungua, akatoa koni na fremu yake, akaanza kumlea yule mchumba wa mwisho afanane nayo. Koni iliyozeeka sauti yake hupoa, kwa hiyo alipaka vanishi tabaka nyembamba, akasubiri, akagonga, akapaka tena, siku tano. Siku ya sita aliniita, akagonga moja, akagonga ya pili. Hata mimi nilisikia. Alimwandikia mwalimu ukweli wote, kwamba moja ya spika zake inamzidi mwenzake umri kwa miaka ishirini na miwili. Mwalimu akajibu kwamba hata ndoa yake mwenyewe iko hivyo, na haijawahi kumsumbua. Jozi hiyo ilitoka tarehe 12 Aprili, na Saba ikafungwa hapo.

Siku ilipopakiwa garini nilimwuliza Shangazi nifanye nini na ile ya kushoto iliyobaki kwangu, kama niichane sasa kwa kuchelewa. Alifikiri akasema, "Iache. Kosa lake lilikuwa kumzidi mwenzake. Peke yake haina kosa."

Shangazi, tunakushukuru kwa masikio yako, kwa subira yako na wachumba wagumu, kwa maseremala uliowanyoosha kwa jicho, na kwa injinia aliyejifunza kufumba macho kabla ya kupima. Mimi nakushukuru kwa shubiri mbili.

Ukifika hapa katika kusoma, inama utazame chini ya benchi lako. Kilichofunikwa kwa khanga ni ile Saba ya kushoto. Mimi na mke wangu tumekubaliana. Haikumnyima mteja yeyote, na kwa kauli yako mwenyewe haina kosa, kwa hiyo huna sababu ya kuikataa. Mlinzi amekwisha kupewa kibali cha kuiruhusu ipite. Safari hii inatoka getini kwa karatasi, na sahihi ni yangu.

Iweke mahali dada yako atakapoisikia vizuri. Pumzika salama, Shangazi, uishi siku nyingi zenye afya na sauti njema, na ufagio upite.