Marehemu Eleuterio Irizarry na Tumbawe Lake Novia

Baba Padre, wanafamilia, majirani wa mtaa wetu wa Dulces Labios, wenzake wa kiwanda cha jodari, na hata nyinyi mliokuja kwa ajili ya chokoleti ya moto na jibini, karibuni mkae, maana historia hii ni ndefu kidogo kuliko inavyotakiwa, na sababu ni kwamba ndani yake kuna jambo ambalo dada yake marehemu, Obdulia, ambaye familia imemteua kuisoma, amelihofia kwa karibu miaka kumi na miwili, na leo amelazimika kulisoma mbele ya Don Saturnino Pabón, aliyekaa safu ya pili pale na kofia yake magotini.

Marehemu Eleuterio Irizarry Lugo, ambaye sote tulimwita Tello, alizaliwa hapa Mayagüez tarehe 20 Februari 1950, mtoto wa tatu wa Don Ceferino Irizarry, makanika wa kiwanda cha sukari, na Doña Providencia Lugo, aliyekuwa akishona vitambaa nyumbani kwa malipo ya dazeni, na mama yetu alisimulia mpaka anakufa kwamba mtoto huyu alizaliwa karibu na cherehani, akawa analala vizuri cherehani ikilia, na ikinyamaza tu anaamka akipiga kelele kama mtu aliyeachwa peke yake barabarani. Watoto wengine wanaogopa giza, wengine mbwa, huyu aliogopa ukimya, na woga huo hakuuacha utotoni kama wenzake wanavyoacha.

Alianza shule ya msingi Agosti 1956, akawa si mwerevu sana wala si mjinga sana, akajiunga na shule ya ufundi mwaka 1966, na tarehe 30 Mei 1969 akapata cheti cha ufundi wa majokofu, kazi iliyomfaa mno, kwa kuwa jokofu zima ni lile linalolia.

Mwaka 1970 aliajiriwa kiwanda cha jodari, akatunza vyumba vya baridi kwa miaka thelathini na mmoja bila kukosa siku isipokuwa tatu, na siku hizo tatu ni za harusi yake, ambayo ilifungwa tarehe 14 Juni 1975 na Migdalia Acarón, baada ya kumchumbia kwanza binamu wa Migdalia kwa miezi minane, na binamu huyo yupo hapa, atacheka mwenyewe. Walijaliwa mtoto mmoja, Lymaris, aliyezaliwa tarehe 2 Aprili 1979, na baba yake wa ubatizo akawa huyu huyu Saturnino Pabón, Nino, kinyozi wetu, na tangu siku hiyo wanaume hawa wawili wakaitana kompadre.

Kiwanda kilipofungwa mwaka 2001 Tello alikaa nyumbani akiwa hana kitu cha kusikiliza, na Nino, aliyekuwa na tangi la matumbawe sebuleni kwake, ndiye aliyemshawishi anunue la kwake, wakalipandisha ngazi watu sita, tangi la kioo lenye urefu wa mtu mzima aliyelala, pamoja na pampu, taa za buluu na mifuko ya chumvi. Tarehe 8 Machi 2003 Migdalia, ambaye wakati huo alikuwa ameshaanza matibabu ya saratani, alikwenda dukani na mumewe, akachagua kipande kimoja cha tumbawe kidogo kama kucha ya kidole gumba, kijani mwilini na zambarau kwenye ncha, akasema, "Huyu kavaa shela, mwiteni Novia," yaani bibi harusi, na jina likabaki. Migdalia alifariki tarehe 11 Oktoba 2006, na Novia akaendelea kukua.

Hapo ndipo woga wa Tello ulipopata mahali pa kukaa. Aliweka vipimajoto vinne, kimoja kila pembe, akawa analala kwenye kochi kando ya tangi, pampu ikikwama tu anaruka, umeme ukikatika anatafuta viatu akilia, na mjukuu wake Jadiel, mtoto wa Lymaris, alipozaliwa Orlando mwaka 2008 hakwenda kumwona, akasema nani atabaki na Novia. Kila siku alipima maji mara tano, akaongeza hiki na kupunguza kile, akamlisha mno, akafifisha taa akidhani zinamuunguza, mpaka Novia akawa na rangi ya kahawa kama mti mkavu, na Nino akaja, akatazama, akamwambia, "Kompadre, toa mkono humo majini, unamsumbua bibi wa watu. Mpe mwanga, mpe maji yanayotembea, chumvi isiyobadilika, halafu tia mikono mfukoni." Tello akajibu, "Mfukoni? Akifa je?" Nino akasema, "Akifa utakuwa umekufa wewe kwanza, kwa presha." Akatii wiki sita, na zambarau ikarudi.

Sasa, wanaofuga matumbawe wana desturi yao, nayo ni hii, kwamba kila Jumamosi walikutana barazani kwa Nino, kila mmoja amebeba kipande alichokata nyumbani kwake, wakapeana bure, kwa sababu tangi moja likiharibika kile ulichokipenda kinakuwa bado kiko hai kwa mwenzako na unakwenda kukichukua. Tello alipokea vipande kumi na saba na hakutoa hata kimoja cha Novia, wakimtania, "Mchoyo wewe, unamfungia mke," naye anasema, "Sichukui mkasi mimi, Migdalia nimemzika mara moja inatosha."

Na hapa ndipo penye lile jambo. Tarehe 19 Mei 2011, marehemu akiwa kwa daktari wa meno, dada yake Obdulia, aliyekuwa akimfagilia nyumba kila Alhamisi, aliona ndugu yake anakonda kwa hofu, akaona tawi moja la Novia limejitokeza kando, akalivunja kwa vidole, likalia tik, akalitia pamoja na maji kwenye kikombe cha Migdalia, kile cheupe chenye picha ya jogoo mwekundu na mkono uliomeguka kidogo, akalipeleka kwa Nino chini ya kitambaa cha jikoni, akamwambia, "Ametuma Tello, lakini usimshukuru, anaona haya, ukilitaja atalidai." Tulieni, tulieni, kaeni, bado.

Tello alirudi na shavu limevimba, akaona kidonda cheupe kwenye Novia kabla hajavua kofia, na kwa kuwa wiki hiyo Nino ndiye aliyekuja kurekebisha taa, akaamua mwizi ni Nino. Alimtangaza kanisani, dukani, kwenye foleni ya mkate, akabadilisha kufuli mara mbili, akaacha kunyoa kwake, akafuga nywele mpaka watoto wakamwita Mtume. Kuhusu kikombe aliuliza mara moja tu, na Obdulia akamwambia kilivunjika. Nino alipopata habari kwamba anaitwa mwizi alielewa mara moja nani alimdanganya, akamsimamisha Obdulia nje ya duka la dawa, na Obdulia akamwomba, "Don Nino, nakuomba, atanifukuza, sina ndugu mwingine," na Nino akavaa kofia yake akasema, "Basi niite mwizi na wewe, Doña Dula, ila usinipite bila salamu." Miaka sita na miezi saba mtu huyu alibeba jina hilo, na kipande cha Novia alikiweka katika tangi la chumba cha nyuma, mlango umefungwa, kwa hofu kwamba kikionekana litakuwa limethibitika.

Kimbunga cha tarehe 20 Septemba 2017 mnakikumbuka wote, hakuna haja ya kusimulia mapaa. Umeme ulikatika saa tisa usiku wa kuamkia siku hiyo, Tello akawasha jenereta, na majirani wengi mliopo hapa mlimpangia foleni ya mafuta kwa muda wa saa saba, hilo familia haitalisahau, lakini siku ya tisa jenereta ikafa. Kuanzia hapo yeye na dada yake walikoroga maji kwa jagi kwa zamu, wanachota na kumwaga kutoka juu ili yapate hewa, mikono ikavimba, na kipimajoto kikapanda nyuzi ishirini na tisa, thelathini, thelathini na mbili. Novia alipauka kuanzia chini kwenda juu, zambarau ikawa ya mwisho kuondoka, na siku ya kumi na tatu alikuwa mweupe kama mfupa na ananuka. Tello aliweka jagi chini akasema, "Dula, amenyamaza." Akajilaza kwenye kochi, na Obdulia, akimtazama pale, alijua kwamba tawi moja la Novia huenda liko hai mitaa minne kutoka pale, na hakuthubutu kusema, kwa kuwa lingetoka pamoja na uongo wake, na hiyo ndiyo dhambi kubwa kuliko ile ya kuvunja.

Umeme ulirudi Dulces Labios tarehe 14 Desemba 2017, na Tello akawasha pampu juu ya mawe matupu, ili asikie sauti tu. Kisha tarehe 6 Januari 2018, sikukuu ya Wafalme Watatu, saa nne asubuhi, Nino Pabón alisimama getini na ndoo iliyofungwa taulo zenye maji. Ndani ya ndoo mlikuwa na kipande kile, kimekuwa kikubwa kama ngumi, rangi ya kahawa tupu, lakini hai. Alikuwa na matumbawe mengine thelathini, na kimbunga kilipokuja alijua betri ya gari lake inaweza kupulizia hewa ndoo moja tu, akayaacha yote thelathini yafe, akaendesha gari kila asubuhi mpaka Cabo Rojo kuchota maji safi ya bahari, kwa ajili ya kitu ambacho hakuwa huru hata kumwonyesha mtu. Akasema, "Kompadre, nimekuletea mali yako. Nilichukua mimi." Tello alimsogelea, tukadhani atampiga, akasema, "Mungu akubariki kwa kuniibia," wakakumbatiana mpaka ndoo ikamwagika nusu.

Lakini Don Nino ni mtu wa adabu, hajawahi kubaki na chombo cha watu, na kwenye mpini wa ndoo alikuwa ametundika kile kikombe cha jogoo, kimeoshwa, kinang'aa. Tello akakitungua. Akakitazama kikombe, akatazama jikoni, akamtazama dada yake aliyekuwa na ufagio mkononi, akakiweka mezani. Kesho yake asubuhi alimmiminia dada yake kahawa katika kikombe hicho, na keshokutwa, na kila asubuhi aliyokuwepo nyumbani, kwa miaka mitano na siku hamsini na mbili, yeye akinywea cha kawaida, anauliza tu, "Sukari inatosha, Dula?" na Obdulia kila siku alikunywa kahawa hiyo kama mtu anayenywa mbele ya hakimu, hajui kama ndugu yake anajua, na anaogopa kuuliza.

Novia alichukua miezi minane kurudisha kijani na mwaka mzima kurudisha zambarau. Tarehe 9 Februari 2019 Tello alishika mkasi mwenyewe, akakata kipande cha kwanza akampa Nino, na mpaka anafariki alikuwa amegawa katika nyumba kumi na nne. Krismasi ya mwaka huo alipanda ndege kwa mara ya kwanza, ufunguo wa nyumba akamwachia Nino, akamwona Jadiel akiwa na umri wa miaka kumi na mmoja, na kila jioni alipiga simu kuuliza pampu inalia vipi.

Mwaka 2021 madaktari waligundua moyo wake umechoka. Tarehe 27 Februari 2023 alilazwa hospitali, na woga ule wa utotoni ukamrudia, kwa sababu chumba kilikuwa kimya, akawa anashika nguo ya dada yake anauliza, "Inalia? Inalia?" Ijumaa tarehe 3 Machi, mchana, Nino alikwenda nyumbani akaweka simu karibu na tangi, na Obdulia akaweka simu yake sikioni kwa ndugu yake, sauti ya pampu ikaja, mkono wa Tello ukalegea. Obdulia akaona saa ndiyo ile, akainama akaanza, "Tello, kile kikombe, mimi..." naye bila kufumbua macho akasema, "Nyamaza, Dula, nasikiliza." Alifariki saa nane na dakika ishirini mchana, akiwa na umri wa miaka sabini na tatu, akiacha mtoto mmoja, mjukuu mmoja na dada mmoja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi walioruhusu simu ile, majirani wa foleni ya mafuta, wenzake wa kiwanda cha jodari waliobeba jeneza, na nyumba zote kumi na nne zenye Novia, na kama kwenu amekufa msijifiche, njooni mkate kipande kingine. Zaidi ya wote familia inamshukuru Don Saturnino Pabón, ambaye hakuiba chochote, hakuwahi kuiba, na yeyote hapa aliyewahi kumwita mwizi alikosea kwa sababu ya mwanamke anayesoma karatasi hii. Kesho saa moja asubuhi kahawa itakuwa tayari nyumbani kwa marehemu, na kikombe cha jogoo kitakuwa mezani upande wa mgeni, na Don Nino asipokuja, Obdulia ataelewa.

Pumzika, Tello, pumzika kwa amani, pampu inalia.