Jicho la Caren kwenye Benchi la Sharif

Mimi ni fundi wa viatu, naitwa Gundi, na mtu akiniita jina la ubatizo sigeuki. Kibanda changu kiko ubavuni mwa duka la Sharif hapa Migori mjini, na mbele ya duka kuna benchi la mbao ambalo Sharif aliliweka kwa ajili ya wateja wa kahawa. Wateja wenyewe ni walewale. Kuna Masese, tunamwita Dola, anabadilisha pesa mpakani Isebania siku ambazo hajachoka. Kuna Joash, tunamwita Profesa, alikuwa karani wa shule mpaka shule ikaona imetosha. Mimi nashona huku nasikiliza, na nikiona ujinga umezidi naingilia, halafu unazidi zaidi. Asubuhi hiyo, mwaka wa tisini na nane, mvua za El Nino zikiwa zimetuachia mashimo badala ya barabara, alikuja Stanley wa kupasua mbao, ana karatasi iliyokunjwa mara nne mfukoni mwa shati. Alikaa, Sharif akammiminia kahawa, akaikataa. Stanley akikataa kahawa ujue kuna jambo.

Dola: Omera, ndugu yangu, umeshtakiwa?

Stanley: Ni fomu ya hospitali. Ya Caren, mtoto wa ndugu yangu.

Habari ya Caren tulikuwa nayo. Ana miaka kumi na moja, baba yake alifariki, na Stanley ndiye mkubwa wa ile boma. Wiki sita zilizopita alikuwa anamsaidia mama yake kupaka nyumba chokaa, akamwaga maji kwenye chokaa mbichi kwa haraka, chokaa ikachemka ikamrukia jichoni. Jicho likafunikwa na utando mwekundu, likaacha kuona. Tangu hapo alikuwa amelazwa hospitali ya misheni huko upande wa Homa Bay, ambako sasa madaktari wageni wa macho walikuja kwa wiki mbili tu. Wangeondoka Ijumaa, na hiyo ilikuwa Jumatano. Mama yake, Phelesia, angeweza kutia sahihi mwenyewe, sista alimwambia hivyo. Lakini aliomba siku moja awaulize watu wa nyumbani, ili kesho asije mtu kusema msichana wetu alikatwa macho kwa siri. Kwa hivyo karatasi ikaletwa kwa Stanley, na Stanley akaileta kwetu.

Profesa: Lete hapa. Kizungu ya daktari si ya kila mtu.

Alivaa miwani yake iliyofungwa na waya, akaanza kusoma kutoka chini kwenda juu.

Mimi: Unasoma kama nani?

Profesa: Wewe shona. Mambo yenyewe wanafichanga huku chini, kwa herufi ndogo. Ona. Imeandikwa hii ni utafiti.

Dola: Utafiti. Basi turudishe hiyo karatasi. Kwani panya zimeisha kwao?

Sharif: Jamani, msomeeni mwenziwenu mpaka mwisho.

Sharif ni mtu wa Lamu, na miaka ishirini ya kukaa hapa haijamharibia Kiswahili chake hata kidogo. Sisi huwa tunamsikiliza kama redio, sauti nzuri, shauri hatulichukui.

Profesa: Inasema pembeni ya ile nyeusi ya jicho kuna duara nyembamba. Kwa hiyo duara kuna seli za shina. Yaani zile za mama, zinazaa ngozi mpya ya jicho kila siku. Za jicho lililoungua zimekufa. Sasa watakata kipande kidogo kwa jicho zima, wapande kwa lile bovu.

Stanley: Kwa jicho zima?

Profesa: Ndio imeandikwa. Kwa zima.

Sindano yangu ilisimama.

Dola: Sikiza, Stanley. Mimi nimekaa border miaka tisa. Kuna watu wanakujia na noti imeraruka. Anakuambia, bwana, nipe yako mzima nilinganishe tu. Unampa. Anazigeuza hivi, hivi, anakurudishia. Akienda unapata unashika mbili, na zote zimeraruka.

Stanley: Unamaanisha watachukua lile zima.

Dola: Mimi sijasema. Nimekuambia habari ya noti.

Sharif: Kipande si jicho, ndugu yangu. Unapokata kijiti cha muhogo ukakipanda kwengine, ule muhogo wa kwanza hufa?

Dola: Muhogo haijawahi kuona kitu, Sharif.

Profesa: Ngojeni, kuna ingine. Wakishapanda, watafunika jicho na utando. Ule utando laini wa kondo la nyuma. Ya mwanamke amejifungua.

Stanley aligeuka taratibu kabisa.

Stanley: Biero?

Profesa: Biero.

Yawa. Kama hukuzaliwa huku huenda usielewe, kwa hivyo nakuambia. Mtoto akizaliwa, biero yake inazikwa nyumbani. Hapo inapozikwa ndipo kwao, hata akikaa Nairobi miaka hamsini. Mtu hatupi biero na haigawi. Sasa unaambiwa iko kwenye chupa hospitalini, inasubiri kubandikwa jichoni mwa mtoto wa watu.

Mimi: Biero ya nani?

Profesa: Jina haijaandikwa.

Mimi: Si ndio nasema. Kama ni ya mtu wa Karachuonyo? Kama ni ya Mkuria?

Dola: Na ikiwa ya Mkuria kuna shida gani?

Tulikuwa tumesahau Dola ni Mkuria. Profesa alikohoa, akaendelea haraka.

Profesa: Shida ni hii. Huyo mtoto ana makwao mbili sasa. Mwili uko huku, jicho liko kwao huko. Akiwa mkubwa, jicho litaanza kuvuta. Utamtafuta kwa shamba, umkute barabarani anaangalia upande mmoja tu.

Dola: Na ndoa je? Atapata kijana, kumbe ni ndugu yake kwa jicho.

Mimi: Hiyo ni mwiko.

Nilisema hivyo mimi mwenyewe, kwa mdomo huu, na nililisema nikiwa na msumari katikati ya meno. Ningenyamaza ningepungukiwa na nini.

Sharif: Hebu niambieni. Mwenye kondo hilo ameulizwa? Huenda alitoa kwa ridhaa yake.

Profesa: Nani anatoa biero kwa ridhaa? Hao ni wale watu. Mnajua wale. Wa kuabudu shetani. Si hata serikali iliunda tume ya kuwachunguza?

Dola: Wacha shetani, shetani hana haja na Migori. Mimi nitawaambia ni nini. Caren anasoma shule gani?

Stanley: Ile ya karibu na Osiri.

Dola: Osiri. Kwa dhahabu. Wazungu walikuja Osiri na mashine, wakapima pima, wakarudi bila kitu. Sasa wameamua kutumia mtu wa huko huko. Wanaweka kitu ndani ya jicho, mtoto anatembea tu, anachota maji, anaenda shule, na kila kitu anaangalia wao wanaona kwao kama video.

Profesa: Ndio maana wanakimbia Ijumaa.

Dola: Umeona sasa?

Mimi ningecheka, lakini Stanley hakuwa anacheka. Alikuwa ameshika magoti yake kwa mikono miwili. Alipoanza kuongea aliongea chini, tukalazimika kusogea.

Stanley: Mara ya mwisho kusaini karatasi ya hospitali ni wakati wa ndugu yangu. Waliniambia ni operesheni ndogo ya tumbo, wiki moja atakuwa nyumbani. Nikasaini. Nikarudi naye kwa pikap, amefunikwa. Hakuna mtu alinilaumu. Lakini mkono ni huu. Sasa wanataka huo huo mkono usaini ya mtoto wake.

Sharif alimmiminia kahawa nyingine, na safari hii Stanley aliichukua ingawa hakuinywa. Niliumwa moyo kwa ajili yake. Ningekuwa mtu wa maana ningemwambia twende wote Homa Bay, tukamwone mtoto, tumuulize daktari uso kwa uso. Badala yake tulifanya kile benchi letu linajua kufanya. Tulimsaidia kuogopa.

Profesa: Basi usisaini. Hapa kuna nafasi. Naandika tu, familia imekataa. Nitaweka na tarehe.

Alitoa biro, akaipuliza, akalaza fomu kwenye paja. Alikuwa ameshaandika neno la kwanza Phelesia alipotokea upande wa stendi.

Alikuwa na tope mpaka kwenye goti na leso amejifunga kiunoni. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. Alitusalimia wote kwa mkono, mmoja mmoja, akaanza na Stanley, kama inavyotakiwa.

Phelesia: Shemeji, sista ameniambia wakipata karatasi leo, mtoto ataingia kesho asubuhi. Isipofika leo, basi. Umesaini?

Stanley: Mama Caren, kaa kwanza. Tunaangalia.

Profesa: Kuna maswali, mama. Kuna maswali mazito.

Akamweleza. Alimweleza kipande cha jicho zima, biero isiyo na jina, ndoa, na kwa aibu kidogo hata video. Phelesia alisimama tu, akamwacha amalize.

Phelesia: Ya biero hata mimi niliogopa. Nikauliza. Ni mama mmoja alijifungulia hapo hapo kwa kupasuliwa, akaombwa, akakubali, akapimwa damu. Wakachukua ule utando wa juu peke yake. Ingine yote alipewa, akaenda kuzika kwake. Na daktari hakuniahidi kitu. Alisema inaweza kukataa kushika. Alisema pia wakingoja, ule utando mwekundu utamaliza jicho.

Profesa: Hayo ni maneno yao.

Phelesia: Ndiyo. Ni yao. Sasa mimi nauliza yangu moja. Ni jicho gani?

Profesa: Jicho gani vipi?

Phelesia: Lililoungua. La kulia ama la kushoto?

Profesa aliinamisha kichwa kwenye fomu. Phelesia akaweka kiganja chake juu ya karatasi.

Phelesia: Usisome. Niambie.

Dola alimwangalia Profesa. Profesa alinyanyua macho akaniangalia mimi. Nikageukia kiatu changu, kiatu chenyewe kilikuwa kimeisha kushonwa. Sharif alishika dele lake la kahawa bila kumimina. Mwisho sote tukamgeukia Stanley, kwa sababu yeye ni damu yake, yeye lazima anajua.

Stanley: Sijaenda kumwona.

Phelesia: Wiki sita, shemeji.

Stanley: Niliogopa kuingia wodi.

Phelesia: Najua. Yeye hajui. Kila jioni ananiuliza kama leo utakuja.

Alivuta ile fomu kutoka kwenye paja la Profesa na kuchukua biro mkononi mwake. Aliliona neno lililoandikwa pale, akalikata kwa mstari mmoja. Kisha aliegemeza karatasi kwenye ukuta wa duka la Sharif, akaandika jina lake, herufi moja moja, bila haraka. Akamrudishia Profesa biro na kumwambia asante. Halafu akashika njia ya stendi.

Stanley alisimama. Akatembea hatua mbili, akasimama tena. Ndipo akaanza kumfuata, na alipofika kwenye kona alikuwa anakimbia, mtu mzima na viatu vyake vya gambuti.

Tulikaa. Sharif akaondoa kikombe cha Stanley, bado kimejaa.

Profesa: Ni la kulia. Nakumbuka sasa.

Dola: La kushoto, bwana. Nilimwona stendi siku anapelekwa hospitali, amefungwa kitambaa.

Profesa: Gundi, wewe unamjua huyo mtoto. Ni lipi?

Namjua. Nimeshona viatu vyake tangu akiwa nasari. Najua anakanyagia kisigino cha ndani, najua saizi yake ya mwaka jana na ya mwaka huu. Husimama hapa mbele yangu kwa mguu mmoja akisubiri nimalize, anaongea habari za shule, na mimi namjibu nikiwa nimeinamia kiatu. Nilijaribu kuukumbuka uso wake, nikakosa.

Nikawaambia sijui.