Ombi la Kubadilishiwa Kiti cha Mapokezi

Ndugu waombolezaji, ombi la mwisho ambalo marehemu aliwasilisha kazini liliitwa Ombi la Kubadilishiwa Kiti cha Mapokezi, nalo tutalifikia, kwani mkewe ameagiza historia hii isomwe yote, ingawa sisi wanafamilia, kwa aibu, tulishakubaliana kusema kilichomuua ni presha.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1971, mtoto wa tatu wa fundi saa, akamaliza sekondari mwaka 1990, na mwaka 1993 akaajiriwa Idara ya Maji akiwa karani wa mapokezi. Alifunga ndoa tarehe 14 Desemba 1997, wakajaliwa mabinti wawili, ambao hawakuwahi kumwona baba yao akitoka bafuni bila kufunga vifungo vyote.

Machi mwaka huu aliota jipu kwenye kalio, akaona haya, akaomba kiti laini kwa sababu ya "uchakavu", seremala wa idara akatumwa, akakikalia kile cha zamani, akakitikisa, akathibitisha kwamba ni kizima, na ombi likakataliwa. Kiti kilikaguliwa, mkaaji hakukaguliwa. Basi akawa anahudumia watu akiwa wima, mkuu wake akamsifu hadharani kwa kuwaheshimu wateja, wenzake wakamtania, "Mzee, utatuponza, kesho tutasimamishwa sote," naye akacheka nao.

Nyumbani alilala kifudifudi akisingizia mgongo. Mkewe alipoligundua jipu lilikuwa limeshaiva, akamsihi waende hospitali, akajibiwa, "Mama, nikamvulie suruali daktari aliye rika la binti yetu?" naye, kwa kumstahi, akalikamua kwa kitambaa cha moto. Kesho yake marehemu alitetemeka kwa homa, akahema mbio, mkojo ukakauka, akawa anamwita mkewe kwa jina la dada yake. Hospitali walilipasua, wakamtundikia dripu, lakini daktari, ambaye kweli alikuwa binti mdogo, alimweleza mama kwa upole kwamba vijidudu vya jipu vimeshaingia kwenye damu na kusambaa mwili mzima, na kwamba lingepasuliwa mapema angerudi nyumbani siku hiyohiyo. Figo zilishindwa, kisha mapafu, akafariki tarehe 2 Aprili.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotufariji msibani, na wenzake wa kazini, pamoja na seremala, ambaye tangu jana hajainua uso, ingawa kazi yake aliifanya vizuri.

Pumzika kwa amani, baba, hakuna tena wa kumwonea haya. Mama amesema isemwe hivi: aliota jipu kwenye kalio, akalificha, nami nikamsaidia kulificha, likamuua.